Kupima makutano yenye mataa kwa programu ya SUMO: mwongozo kamili

Foleni ikishakuwa ya kila asubuhi, jibu la haraka la wengi ni daraja la juu. Dar es Salaam imeyajenga: la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa Septemba 2018, na la Kijazi pale Ubungo Februari 2021. Lakini jiji haliwezi kuweka daraja kila penye mataa, na kabla ya kufikiria zege kuna swali la bei nafuu zaidi: je, sekunde za kijani zimegawanywa sawasawa? Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kulijibu kwa kompyuta ya kawaida.

Nimemwandikia fundi sanifu wa halmashauri, mwanafunzi wa uhandisi, na mshauri mdogo asiye na fedha za leseni. Tutatumia SUMO, programu huria iliyoanza kutolewa mwaka 2001 na inayoendelezwa na DLR, kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani. Ni bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Za kulipia zipo: SIDRA ya Australia, Synchro ya Marekani, Vissim ya kampuni ya PTV ya Karlsruhe, Junctions ya TRL ya Uingereza. Ukiwa na mojawapo, sehemu kubwa ya hatua hizi haibadiliki, kwa sababu kazi ngumu iko barabarani, haiko kwenye kompyuta.

Tarakimu za mfano humu nimezitunga ili zikokotoleke kirahisi. Usizichukue kuwa vipimo vya makutano fulani. Mfano ni wa nchi zinazoendesha kushoto, yaani Tanzania, Kenya na Uganda. Msomaji wa Kigali, Bujumbura au Bukavu abadilishe tu kulia kuwa kushoto.

## Hatua ya 1: Simama pale kwanza

Usihesabu chochote siku ya kwanza. Simama kwenye makutano saa ya foleni, uangalie. Daladala zinapakia wapi, kabla ya mataa au baada ya mataa? Gari moja linalosubiri kukata kulia linaziba leni nzima? Trafiki anaongoza kwa mkono, na akianza huwa anaachia upande mmoja kwa muda gani? Chora ramani ya mkono: idadi ya leni za kila upande, mishale, urefu wa leni ya kukatia kulia kwa mita, vivuko vya watembea kwa miguu. Kisha pima mataa kwa saa ya simu, mizunguko kadhaa mfululizo (mzunguko ni tangu kijani ya upande mmoja iwake hadi iwake tena), uandike kijani, njano na nyekundu ya kila upande.

Kuna jambo moja lazima ulithibitishe siku hiyo. Taa ikiwa kijani, magari yanaondoka kweli, au yanashindwa kwa sababu mbele kumejaa? Kama njia ya kutokea imezibwa na foleni ya makutano yanayofuata, ugonjwa uko kule. Ukipima haya peke yake utapata majibu safi kabisa yasiyo na faida. Panua eneo la kazi lichukue makutano yote mawili.

## Hatua ya 2: Hesabu wanaokuja, si wanaopita tu

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Makutano ya mikono minne, yaani barabara nne zinazoingia, yana mielekeo 12: kila mkono una kushoto, moja kwa moja na kulia. Hesabu kila mwelekeo kwa vipindi vya dakika 15, ukitenganisha magari madogo, daladala, mabasi makubwa, malori, bajaji na bodaboda. Chagua Jumanne hadi Alhamisi, shule zikiwa wazi, isiwe karibu na sikukuu. Asubuhi anza saa 12 hadi saa 4. Jioni anza saa 9 hadi saa 2 usiku. Kwenye fomu tumia saa za tarakimu 24 pekee. Kamera ikiandika 07:15 na mhesabuji akaandika 1:15, siku ya kuunganisha data utakuwa na robo saa zilizohama kwa saa sita nzima na hakuna atakayekumbuka ipi ni ipi. Kama kuna ghorofa jirani, omba ruhusa uweke simu juu irekodi; video inakuruhusu kurudia hesabu mahali wahesabuji walipotofautiana.

Sasa tatizo lenyewe. Mhesabuji akikaa kwenye mstari wa kusimama na makutano yamezidiwa, anachohesabu ni uwezo wa taa. Mahitaji halisi yako nyuma, kwenye mkia wa foleni. Tuseme leni ya kwenda moja kwa moja kutoka magharibi inapitisha magari 113 kila robo saa, robo zote nne. Jumla ni 452. Anayeandika ripoti ataandika kwamba mahitaji ni 452 kwa saa, na programu itamwambia leni inatosha, ingawa kwa kubana. Lakini mwenzake aliyekaa nyuma aliona foleni ikiwa na magari 15 mwanzoni mwa robo ya pili na 52 mwishoni. Waliofika katika robo hiyo ni 113 waliopita pamoja na 37 walioongezeka kwenye foleni, yaani 150.

Kwa hiyo kila mkono uliozidiwa uwe na watu wawili: mmoja kwenye mstari, mwingine akiandika urefu wa foleni mwanzoni na mwishoni mwa kila robo saa. Hesabu ni hii tu: waliofika ni waliopita, jumlisha foleni ya mwisho, toa foleni ya mwanzo. Foleni ikiwa ndefu mno kuonekana, muweke mtu wa pili mbali zaidi, nyuma ya mkia, ahesabu wanaoingia.

Tuchukue kwamba robo nne za leni hii zilitoa 120, 150, 130 na 110. Jumla 510. Robo mbaya kuliko zote, ya 150, ikiendelea saa nzima ingekuwa 600. Gawanya 510 kwa 600 unapata 0.85, kipimo cha ukali wa kilele ndani ya saa. Hiyo 600 iweke karibu, tutairudia.

## Hatua ya 3: Pima leni yako inapitisha magari mangapi

Mwongozo wa Marekani wa uwezo wa barabara, HCM, huanza na magari madogo 1,900 kwa saa kwa leni moja ya mjini, taa ikichukuliwa kuwa kijani muda wote, kisha unapunguza kwa upana wa leni, malori, mwinuko na vituo vya basi. Usiiazime namba hiyo wakati unaweza kupima ya kwako mchana mmoja.

Namna yake: kijani ikiwaka, acha magari matatu ya kwanza yaende, kwa sababu madereva bado wanashtuka na kuingiza gia. Gari la nne likivuka mstari, anza saa. Gari la mwisho lililokuwa limesimama kwenye foleni likivuka, simamisha. Kama kutoka la 4 hadi la 12 ni sekunde 17, magari manane yametumia sekunde 2.1 kila moja. 3,600 ukigawanya kwa 2.1 ni kama 1,700 kwa saa. Rudia mizunguko isiyopungua 15 na utumie wastani. Mzunguko ambao daladala ilisimama kushusha abiria katikati ya leni, uandike pembeni usiutupe: ukilinganisha mizunguko hiyo na iliyo safi, utajua daladala moja inakula sekunde ngapi za kijani.

Bodaboda zinazojipenyeza hadi mbele ya foleni huondoka katika sekunde chache za mwanzo. Kuzihesabu kama nusu ya gari, kama majedwali mengine yanavyofanya, kunaweza kuipa leni mzigo usiokuwepo. Zihesabu peke yake.

## Hatua ya 4: Kokotoa kwa mkono kabla ya kufungua kompyuta

Uwezo wa leni ni mtiririko uliopima katika hatua ya 3, zidisha kwa sekunde za kijani, gawanya kwa mzunguko mzima wa taa. Leni yetu ina 1,700, kijani 40, mzunguko 150: uwezo ni 453. Mahitaji ni 510. Gawanya, unapata 1.13. Ikizidi 1, foleni haiishi ndani ya saa hiyo: magari 57 yanabaki, na kwa mita 7 kila moja ni foleni iliyorefuka kwa mita 400 hivi.

Kutafuta mzunguko unaofaa, fomula ya Webster ya mwaka 1958 bado inatosha kuanzia. Kwa kila awamu ya taa, yaani kila kipindi ambacho pande fulani zinapewa kijani pamoja, chukua leni yenye mzigo mkubwa na ugawanye mahitaji yake kwa mtiririko wake. Tuseme awamu tatu zinatoa 0.30, 0.22 na 0.18; jumla 0.70. Muda unaopotea taa zikibadilika ni sekunde 4 kwa awamu, jumla 12. Mzunguko ni (1.5 × 12 + 5) gawanya kwa (1 − 0.70), yaani 23 kwa 0.30, sawa na sekunde 77. Weka 80. Zinabaki 68 za kijani. Zigawanye kwa uwiano, awamu ya kwanza inapata 29, ya pili 21, ya tatu 18.

Kwa mpango huo uwezo wa leni ya magharibi unapanda hadi 616 na uwiano unashuka hadi 0.83, ingawa kijani yenyewe imepungua kutoka 40 hadi 29. Inarudi mara nyingi zaidi ndani ya saa. Lakini kumbuka robo mbaya: 600 kwa 616 ni 0.97, pembamba sana. Hapo ndipo SUMO inapohitajika, maana fomula haionyeshi kinachotokea ndani ya robo hiyo.

Usisahau watembea kwa miguu. Kivuko cha mita 14 kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, ambao mtoto au mzee anaumudu, kinahitaji sekunde 14. Awamu yenye kivuko isiwe chini ya hapo hata kama magari yake ni machache.

## Hatua ya 5: Jenga barabara ndani ya SUMO

Baada ya kusakinisha, fungua osmWebWizard.py iliyo kwenye folda ya tools. Inafungua ramani ya OpenStreetMap kwenye kivinjari. Zungushia eneo lako, weka alama kwamba magari yanaendesha kushoto, na uondoe alama zote za kutengeneza magari, kwa sababu yale ni ya kubahatisha na wewe una hesabu yako.

Kisha ufungue mtandao huo kwenye netedit, kihariri cha barabara kinachokuja na SUMO, na uukague leni kwa leni dhidi ya mchoro wako. Ramani ya OpenStreetMap mara nyingi haina idadi sahihi ya leni, na leni fupi ya kukatia kulia huenda haipo kabisa. Hakikisha kila leni inaruhusiwa kwenda kule inakoruhusiwa kweli, na leni fupi ina urefu ulioupima. Refusha mikono mpaka iweze kubeba foleni ndefu kuliko uliyoiona.

Taa ambazo SUMO imejitengenezea yenyewe hazina uhusiano na za kwako. Kwa kawaida huanza na mzunguko wa sekunde 90. Zifute, uingize ulizopima. Katika mstari wa kila awamu, G kubwa ni anayepita kwa haki, g ndogo ni anayepita huku akipisha, y ni njano, r ni nyekundu. Anayekata kulia akingoja nafasi kati ya wanaokuja mbele ni g. Ukimwandikia G kwa bahati mbaya, foleni yake itayeyuka kwenye kompyuta pekee.

Kama trafiki ndiye anayeongoza saa ya kilele, modeli ya hali ya sasa iwe na muda anaoutumia yeye, si ulioandikwa kwenye sanduku la taa. Akiachia upande mmoja dakika tatu, andika sekunde 180.

## Hatua ya 6: Magari ya mji wako

SUMO inajua gari dogo, basi, lori na pikipiki. Bajaji itengeneze mwenyewe: urefu mita 2.6, upana 1.3. Daladala aina ya Coaster ni mita 7, wakati basi la SUMO lisiporekebishwa lina mita 12. Wapangie daladala kituo chao pale wanaposimama kweli, hata kama si kituo rasmi, na muda wa kusimama uliouona.

Bodaboda zipite kati ya magari kwa kuongeza --lateral-resolution 0.8 unapoendesha. Bila hiyo, kila bodaboda inasubiri nyuma ya gari kama lori, na foleni inakuwa ndefu kuliko ya kweli.

Mtiririko wa kila mwelekeo uandike kwa robo saa. Robo ya pili ya leni yetu, tukichukua magari madogo tu na dakika 15 za mwanzo zikiwa za kujaza barabara, ni hivi:

`<flow id="magh_r2" type="gari" from="magh_ndani" to="mash_nje" begin="1800" end="2700" period="exp(0.167)" departLane="best" departSpeed="max"/>`

Hiyo exp(0.167) inaleta wastani wa magari 600 kwa saa yakifika kwa vipindi visivyo sawa, kama yanavyofika kweli. Ukiyaleta kwa vipindi sawa, foleni itakuwa fupi mno.

## Hatua ya 7: Endesha bila kudanganywa

Amri ya kuendesha ni hii; makutano.sumocfg ni faili la mipangilio linalotaja mtandao wako na mitiririko yako:

`sumo -c makutano.sumocfg --lateral-resolution 0.8 --time-to-teleport -1 --tripinfo-output safari.xml --seed 1`

Angalia lile -1. SUMO ikiachwa kama ilivyo, gari likikwama zaidi ya sekunde 300 linaondolewa pale na kurushwa mbele. Kwa mtu anayepima foleni hiyo ni hatari: magari mabaya zaidi ndiyo yanayopotea kwenye hesabu. Lizime. Modeli ikikwama moja kwa moja baada ya hapo, tafuta kosa kwenye leni au kwenye taa, usirudishe kurusha.

La pili ni magari yasiyoingia. Foleni ikifika mwisho wa barabara uliyochora, magari mapya hungoja nje ya modeli, na muda huo hauingii kwenye timeLoss, muda uliopotea njiani. Unaandikwa peke yake kama departDelay. Jumlisha vyote viwili kwa kila gari. Nimeona ripoti ambayo hali ya sasa ilionekana nzuri kuliko pendekezo kwa sababu hiyo tu: nusu ya foleni ilikuwa imesimama nje ya ramani.

Rudia kwa --seed, namba inayoanzisha bahati nasibu ya magari, angalau kumi tofauti na utumie wastani. Asubuhi moja ya kompyuta si ushahidi. Faili la matokeo ligeuze kwa xml2csv.py ulifungue kwenye Excel au LibreOffice.

## Hatua ya 8: Oanisha na barabara

Kabla ya kujaribu pendekezo lolote, modeli ya hali ya sasa lazima ifanane na ulichokiona. Pima ndani ya sumo-gui, yaani SUMO inayoonyesha magari kwenye skrini, kwa namna ileile: kutoka gari la nne hadi la mwisho. Ikitoa 1,950 na wewe ulipata 1,700, ongeza tau, nafasi ya muda ambayo dereva huiacha mbele yake, na ukihitaji minGap, umbali anaouacha akisimama. Badilisha kimoja kimoja.

Kisha linganisha idadi kwa kipimo cha GEH, kilichopewa jina la Geoffrey E. Havers aliyekuwa mpangaji wa usafiri London. Ni kipeo cha pili cha: mara mbili ya mraba wa tofauti, gawanya kwa jumla ya namba mbili. Barabarani 510, modeli 470: tofauti 40, mraba wake 1,600, mara mbili 3,200, gawanya kwa 980, kipeo chake ni 1.8. Inayotakiwa kwa kawaida ni chini ya 5 kwa mielekeo isiyopungua asilimia 85. Mwisho linganisha foleni robo kwa robo. Idadi ikifanana huku foleni haifanani, rudi kwenye hatua ya 2. Huenda hukuhesabu mahitaji.

## Hatua ya 9: Jaribu mapendekezo na usome majibu

Anza na ya bei ndogo: mgawanyo mpya wa kijani. Halafu kusogeza kituo cha daladala kiwe baada ya mataa, leni ndefu zaidi ya kulia, awamu ya kulia peke yake, na mwisho kabisa kipilefti au ujenzi mkubwa. Jaribu kila moja kwa mahitaji ya leo na ya miaka ijayo.

HCM hutoa alama A hadi F kwa wastani wa sekunde ambazo gari linapoteza. Kwenye mataa, A ni hadi 10, B hadi 20, C hadi 35, D hadi 55, E hadi 80, juu ya hapo F. Pasipo mataa viwango ni vikali zaidi: F inaanza baada ya 50. Usiridhike na alama ya makutano mazima. Wastani wa C unaweza kuficha mkono mdogo ulio F, na mara nyingi huo ndio unaotoka mtaani kwa watu wasio na wa kuwasemea.

Mizunguko mirefu mno iangalie kwa makini. Kwa sekunde 12 zinazopotea, mzunguko wa 80 unapoteza asilimia 15 ya muda na wa 240 asilimia 5, kwa hiyo trafiki anayeachia muda mrefu ana hoja. Lakini leni ya kulia ya mita 40 inabeba magari matano au sita. Nyekundu ikiwa ndefu inajaa, gari la saba linaziba leni ya kwenda moja kwa moja, na kijani iliyopo inapotea bure. Hili utaliona kwa macho ndani ya sumo-gui, na ni vizuri kumwonyesha trafiki mwenyewe.

Pia hesabu watu. Daladala moja yenye abiria 28 ikichelewa sekunde 40 ni sekunde 1,120 za watu. Magari madogo kumi yenye watu wawili wawili yakichelewa vivyo hivyo ni 800. Kwa maoni yangu jedwali hili ndilo la kwanza kuwekwa mbele ya diwani au mhandisi wa mkoa, kabla ya alama za A hadi F, kwa sababu linabadilisha pendekezo linaloshinda.

Kwenye ripoti ambatisha fomu za kuhesabia, video, faili za SUMO na kila thamani uliyoibadilisha, ili mwingine aweze kuendesha upya. Taa zikishawekewa muda mpya, wape madereva wiki mbili wauzoee, kisha rudi siku ileile ya wiki, saa zilezile, na wahesabuji wawili kwa kila mkono uliokuwa umezidiwa, mmoja kwenye mstari na mwingine kwenye mkia.